MCHEZA KWAO HUTUNZWA: TUCHANGE KWA AJILI YA LILANGA

*Hotuba hii ilisomwa na katibu mwenezi wa Chama, kijana aliyesomea ualimu, mbele ya mkutano wa wanachama mjini Mtwara. Tunaichapa nzima ili matawi mengine ya kusini nayo yaijadili.*

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ndugu vijana wenzangu,

Nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo moja, nami nitasema hilo moja tu. Naleta hoja kwamba sisi watu wa kusini tuchange fedha ili kazi za marehemu George Lilanga, mchongaji aliyezaliwa kwetu, zikusanywe na kuonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, na baada ya hapo zisafirishwe kuja Mtwara, ili watoto wetu wazione bila kulipa kiingilio.

Najua wengine mmekwisha kutazamana. Mnasema moyoni, huyu kijana ametuita katika jua hili kwa sababu ya vinyago? Nasema ndiyo, kwa sababu ya vinyago. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

MTU MWENYEWE NI NANI

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, huku huku kusini, katika jamaa ya Kimakonde. Mikono yake ilianza kujifunza kwenye muhogo. Nadhani wazee mnafahamu kwa nini. Muhogo ni laini, na mtoto akiukosea hapana hasara kubwa, maana utapikwa na kuliwa. Kutoka kwenye muhogo akaenda kwenye miti laini, na kutoka miti laini akafika kwenye mpingo, mti ambao haumvumilii mtu mvivu wala mtu mwenye haraka. Huo ndio ulikuwa ualimu wa wazee wetu. Hawakumpa mtoto mpingo siku ya kwanza. Walimpa kitu anachokiweza, wakampandisha darasa baada ya darasa. Sisi tuliokaa chuoni tukifundishwa namna ya kufundisha, tuliyakuta mambo hayo hayo vitabuni, yameandikwa kama jambo jipya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, kama walivyokwenda maelfu ya vijana wa kusini kabla yake na baada yake. Mjomba wake, Augustino Malaba, naye mchongaji, alikuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, mahali palipoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Lilanga akapata kazi pale. Kazi gani? Ulinzi wa usiku. Mtu ambaye baadaye kazi zake zingelindwa na askari katika majumba ya Ulaya, alianza kwa kulinda kazi za wenzake. Lakini mikono haikulala. Walioona alichokuwa akikifanya wakamwingiza ndani pamoja na mafundi, na humo akaongeza kuchora, kupaka rangi na kuchapa picha, juu ya uchongaji aliotoka nao nyumbani.

Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa mjini Washington, Marekani. Kuanzia mwaka 2004 zilikuwa miongoni mwa kazi zilizozungushwa katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika yaliyoitwa Africa Remix: Düsseldorf, London, Paris, mpaka Tokyo kule Japani. Wakati huo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kisukari kilikuwa kimekwisha mnyang'anya miguu yote miwili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005.

Sasa nawauliza. Ni mtoto gani wa shule katika mkoa huu anayeweza kutaja jina hilo? Ni wangapi kati yetu tuliopo hapa waliopata kuona kinyago kimoja tu cha Lilanga kwa macho yao wenyewe? Tokyo wameona. Paris wameona. Newala hawajaona. Tandahimba hawajaona. Hili ndilo jambo lililonileta mbele yenu.

KANGOMBA YA VINYAGO

Ndugu zangu, hapana haja ya kumweleza mtu wa Mtwara maana ya kangomba. Mkulima wa korosho ana njaa miezi ya kiangazi, mtoto anaumwa, ada inadaiwa. Anakuja mtu na fedha kidogo na chombo chake cha kupimia, ananunua korosho zingali juu ya mti. Msimu unapofika, korosho ni za mtu mwingine na bei nzuri ni ya mtu mwingine. Serikali imeipiga vita biashara hiyo, na Chama kimeipiga vita, kwa sababu inamfanya mwenye shamba kuwa kibarua wa shamba lake mwenyewe.

Basi vinyago vyetu navyo vimekwenda njia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi mchongaji aliyekuwa na njaa aliuza kazi ya wiki tatu kwa fedha ya chakula cha siku tatu. Mara nyingi hata jina lake halikuandikwa. Kitu kikafika Ulaya kimeandikwa neno moja tu, “Makonde”, kama kwamba kabila zima limekaa chini likashika patasi moja. Samaki Likankoa, ambaye husimuliwa kuwa ndiye aliyeanzisha uchongaji wa mashetani katika miaka ya 1950, alikuwa mtu mwenye jina. Yakobo Sangwani, aliyevuka Ruvuma na kuchonga nguzo ya watu waliobebana, ile ambayo baadaye tuliiita ujamaa, alikuwa mtu mwenye jina. John Fundi, aliyezaliwa ng'ambo ya mto na ambaye kazi yake ilionyeshwa Paris mwaka 1989, alikuwa mtu mwenye jina. Na Lilanga ni mtu mwenye jina, ambaye kwa bahati jina lake limejulikana. Limejulikana huko mbali, lakini hapa kwetu halijulikani.

Leo ukitaka kuzisoma kazi za Lilanga kwa wingi, utakwenda kwenye mkusanyo wa tajiri Jean Pigozzi kule Geneva, Uswisi, au kwa watu waliozikusanya Hamburg, Ujerumani. Mimi siwatukani watu hao. Walinunua, hawakuiba, na pengine bila wao nyingi zingekuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Ninachosema ni kwamba mjukuu wa Lilanga asilazimike kuomba viza ili aone kazi ya babu yake.

Na wizi wenyewe upo pia, tusijidanganye. Mwaka 1984 Makumbusho yetu ya Taifa yaliibiwa, na kimojawapo cha vitu vilivyoibwa kilikuwa kinyago cha Kimakonde cha kuvaa kichwani, lipiko la wazee wetu. Kikaja kuonekana Geneva, katika makumbusho ya watu binafsi. Kilirudi nyumbani mwaka 2010, yaani baada ya miaka 26. Kitu kimoja, miaka 26 ya kudai! Kwa hiyo ninapozungumza juu ya fedha za walinzi, makufuli na daftari la vitu, msidhani nazungumza mapambo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

WANAOPINGA WANASEMA NINI

Kabla ya kuja hapa nilizunguka matawini nikawasikiliza watu. Nimekusanya hoja nne za wanaopinga. Nitazijibu moja moja, kwa heshima, maana hakuna hata moja ya kipuuzi.

Kwanza, wanasema: “Hayo ni mashetani. Mimi Mwislamu, mimi Mkristo, siwezi kutoa senti yangu kumpamba shetani.” Wazee wangu, jina ndilo linalotutisha. Tazameni vitu vyenyewe. Watu wa Lilanga wana masikio makubwa, midomo imetokeza, matumbo yamejaa, vidole viwili au vitatu. Wanafanya nini? Wanabeba maji. Wanacheza ngoma. Wanakunywa. Wanabeba watoto. Wanagombana na kupatana. Hao ni sisi! Ni jirani yako na jirani yangu, wamechongwa kwa mzaha ili tujicheke. Hapana anayeambiwa apige magoti mbele yao. Kumbukeni pia kwamba nyumba iliyomlea Lilanga katika kazi ilianzishwa na sista wa Kikatoliki, naye hakuona kwamba dini yake imechafuka. Hata hivyo, mtu ambaye dhamiri yake inamkataza, asilazimishwe, wala asisemwe vibaya. Mchango ni hiari.

Pili, wanasema: “Hospitali haina dawa za kutosha, barabara ina mashimo, wewe unataka vinyago.” Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nami siipuuzi. Ningekuwa nimekuja kuomba fedha ya dawa igeuzwe kuwa fedha ya vinyago, ningestahili kufukuzwa. Sikuja kwa hilo. Fedha ya dawa ni kodi yetu, na tutaendelea kuidai kwa sauti ile ile. Ninachoomba ni shilingi ile ambayo mtu huitoa kwa furaha yake, ile ya ngoma, ya harusi, ya kumtunza mwimbaji. Nani kati yetu, pamoja na umaskini wake, hajapata kutunza mtu ukumbini? Mcheza kwao hutunzwa. Lilanga alicheza kwao na kwa watu, akatunzwa na watu tu.

Na liko jambo jingine ndani ya hoja hii. Tarehe 10 Desemba 1962, nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza Wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Nchi wakati ule ilikuwa na madaktari wa kuhesabu kwa vidole na shule chache mno. Kwa nini hakungoja mpaka hospitali zitoshe? Kwa sababu aliona kwamba mkoloni alikuwa ametufundisha kudhani hatuna kitu cha maana kilichotoka kwetu, na kwamba mtu mwenye mawazo hayo hawezi kujenga hata hospitali. Atakaa akingoja ajengewe.

Tatu, wanasema: “Hiyo ni kazi ya Serikali, na Serikali ikishindwa, wako wafadhili.” Serikali ina wajibu wake, na Makumbusho ya Taifa ni chombo chake. Lakini hebu tufikirie hao wafadhili. Akija mtu wa nje akalipa kila kitu, yeye ndiye atakayechagua vitu gani vionyeshwe na vipi viachwe. Yeye ndiye atakayeandika maelezo ya ukutani, na atayaandika kwa lugha yake. Mama wa Kitangari atasimama mbele ya kazi ya mtu wa kwao, aliyeipa jina kwa Kiswahili, naye atahitaji mkalimani! Mimi sikatai mgeni kutusaidia. Nasema mgeni aje akute jiko limekwisha kuwashwa.

Nne, na hili husemwa kwa kunong'ona: “Wazazi wake walitoka Msumbiji. Si mtu wetu hasa.” Ndugu zangu, mto Ruvuma uliwekwa kuwa mpaka na Wajerumani na Wareno mwaka 1886, nao hawakumwuliza Mmakonde hata mmoja. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno walipowapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, waliosalimika walikimbilia wapi? FRELIMO ilizaliwa wapi mwezi Juni 1962? Dar es Salaam. Vita vya kuikomboa Msumbiji, kuanzia mwaka 1964, vilipita katika mikoa hii ya kusini, na wazee mliomo humu mliwapa wapiganaji maji na njia. Leo, kwa ajili ya kukwepa mchango, tugundue kwamba mto ule ni mpana? Mtoto aliyezaliwa Kikwetu ni wetu. Na kama Msumbiji nao watasema ni wao, vizuri, wachange pia.

FEDHA ZITAKWENDA WAPI

Mtu asichange kitu asichokijua. Haya ndiyo mahitaji, nami nimeyapanga kwa utaratibu wa kazi yenyewe.

La kwanza ni kutafuta na kuandika. Kazi za Lilanga zilizobaki nchini zimetawanyika majumbani na maofisini. Kila moja itafutwe, ipigwe picha, ipimwe, iandikwe iko kwa nani. Na hapa pana mtego. Lilanga alifanya kazi na wasaidizi na wanafunzi, na sifa zake zilipoenea, walitokea watu wa kuiga. Kuna vitu vingi sokoni vyenye jina lake ambavyo mkono wake haukuvigusa. Kwa hiyo wataalamu wa Makumbusho, pamoja na wachongaji wazee waliofanya kazi naye, wakae wachambue. Kazi hiyo inataka nauli na chakula cha watu wazima kwa siku nyingi.

La pili ni kuazima na kusafirisha. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 500. Mpingo ni mgumu kwa patasi, lakini si mgumu kwa kila kitu. Ukiutoa katika chumba chenye baridi ya mashine ukauweka katika joto letu la pwani, waweza kupasuka. Vile vinyago vya mti laini vilivyopakwa rangi za mafuta ndivyo dhaifu zaidi: rangi hubanduka, wadudu huingia. Hapana mtu mwenye akili atakayetuazima kazi yake tuifunge kwa magunia juu ya lori. Yanatakiwa masanduku ya mbao yenye vitambaa ndani, na bima.

La tatu ni ukumbi wa hapa Mtwara: paa lisilovuja, mlango unaofungwa, meza imara, taa, na walinzi wa mchana na wa usiku. Walinzi walipwe mshahara mzuri. Sisi hasa, wenye kumheshimu Lilanga, hatuwezi kumdharau mlinzi wa usiku.

La nne ni maandishi. Kila kitu kiwe na maelezo ya Kiswahili chepesi, na kiwepo kitabu kidogo cha bei ndogo ambacho mwalimu wa shule ya msingi aweza kukinunua na kufundishia. Hapa pia tuwe waangalifu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za msanii huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo mpaka mwaka 2055 hapana mtu mwenye ruhusa ya kuchapa picha za kazi za Lilanga bila idhini ya warithi wake. Tusianze kumheshimu marehemu kwa kuwaibia watoto wake. Jamaa zake waitwe tangu siku ya kwanza, wakae katika kamati, wasiletwe siku ya ufunguzi kukaa mstari wa mbele na kupigwa picha.

La tano ni watoto. Mabasi ya kuwaleta wanafunzi kutoka Masasi, Nanyumbu, Newala na Tandahimba. Mtoto hujifunza kwa jicho na kwa mkono. Ukimwambia mara mia kwamba kwao kuna watu wenye akili, atakariri. Mwonyeshe mara moja kitu kilichotengenezwa na mtu wa kwao, mwambie, “Huyu alianza na muhogo kama wewe,” hatasahau.

TUTACHANGA NAMNA GANI

Mwaka 1955 wanachama wa TANU, chama ambacho hakijatimiza hata mwaka mmoja, walichangishana nauli ili Mwalimu Nyerere aende New York akaseme mbele ya Umoja wa Mataifa. Waliochanga walikuwa wakulima, makuli, wauza samaki na mama wauza vitumbua. Mwezi Oktoba 1961 Chuo Kikuu chetu kilipoanza, kilianzia ndani ya jengo la TANU, mtaa ambao leo tunauita Lumumba. Sitaji mambo haya ili tujisifu kwa kazi ya babu zetu. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba fedha ndogo za watu wengi zimewahi kufanya kazi kubwa katika nchi hii.

Napendekeza hivi. Mwanachama mwenye uwezo atoe shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa miezi 10. Watu 200 wakifanya hivyo tunapata shilingi milioni 2. Watu 2,000 wakifanya hivyo ni milioni 20. Haitatosha kwa yote, lakini tutakapokwenda kuzungumza na Makumbusho, na Halmashauri, na wenye viwanda na bandari, tutakwenda na stakabadhi mkononi, hatutakwenda na kofia mkononi.

Wachongaji wameniambia kwamba badala ya fedha wako tayari kutoa kila mmoja kinyago kimoja, vipigwe mnada. Vikundi vya ngoma vifanye usiku wa kiingilio. Vijana wa bodaboda wachange kijiwe kwa kijiwe. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa vikiamua kuchanga, na vichange kama kikundi.

Sasa nasema makatazo, na haya naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Mkulima wa korosho asikatwe hata shilingi moja katika malipo yake ya mnada kwa ajili ya jambo hili. Tunajua jinsi makato yanavyoumiza, na jinsi mtu anavyokuta fedha yake imepungua bila kuulizwa. Mkulima apokee haki yake yote, aende nayo nyumbani, na akipenda aje atoe kwa mkono wake.

Mwanafunzi asidaiwe. Mtoto yeyote asirudishwe nyumbani, asisimamishwe mbele ya wenzake, wala jina lake lisiandikwe ubaoni kwa sababu ya mchango huu. Mwalimu atakayefanya hivyo atakuwa amelitukana jina la Lilanga.

Fedha hizi zisichanganywe na fedha za Chama. Ziwe na akaunti yake benki, na watia saini watatu, mmoja wao asiwe mwanachama wetu. Kila mchango upewe stakabadhi, hata ukiwa wa shilingi 500. Kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe mlangoni, iliyoingia na iliyotoka, mpita njia asome. Wajumbe wa kamati wasijilipe posho. Na kama maonyesho yatashindikana, kila mwenye stakabadhi arudishiwe fedha yake.

La mwisho katika makatazo litawaudhi baadhi yenu, lakini nitalisema. Siku ya maonyesho, ndani ya ukumbi ule pasiwe na bendera ya Chama, wala sare, wala picha ya mgombea. Chama kianze kazi hii, kiihimize, kiibebe mabegani. Lakini Lilanga si kadi yetu. Atachanga mtu wa chama kingine, na mtu asiye na chama, na wote wataingia kwa mlango mmoja. Chama ambacho hakiwezi kuwafanyia watu jambo jema bila kulipiga mhuri wake, hakijiamini.

TUNAPOTOKA HAPA

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu uamue mambo matatu leo hii, kabla watu hawajatawanyika.

Kwanza, ichaguliwe kamati ya watu saba. Wawemo wachongaji wawili, mtu wa jamaa ya marehemu akikubali, mwalimu, mtu anayejua hesabu, na wanawake wasiopungua watatu, kwa sababu fedha iliyo mikononi mwa akina mama nimeona inafika iendako.

Pili, iandikwe barua kwa Makumbusho ya Taifa, kuwaomba ushauri na ushirikiano wao. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940 chini ya jina la mfalme wa Uingereza. Leo ni mali yetu. Mtu aandike kwa mali yake kwa adabu, lakini bila woga.

Tatu, kila tawi lijadili hoja hii na kuleta jibu kwa maandishi katika muda wa siku 30. Tawi litakalokataa lieleze sababu zake. Sababu nzuri tutaifuata.

Wazee wangu, wachongaji wanaondoka. Waliofanya kazi bega kwa bega na Lilanga wanazidi kupungua, na kila anapozikwa mmoja, hupungua mtu wa kutuambia kazi ipi ni yake na ipi ni ya kuigwa, na kwa nini alichonga hivi na si vile. Mpingo unaweza kukaa miaka mingi chini ya kitanda cha mtu, ukingoja. Kumbukumbu ya mtu haingoji. Tukisema tutaanza mwaka kesho kutwa, tutakusanya vinyago visivyokuwa na msemaji.

Kopo liko hapo mezani, na kitabu cha stakabadhi kiko karibu yake. Mkutano ukiikubali hoja, stakabadhi namba 1 nitakata mimi kwa fedha yangu mwenyewe. Namba 2 namwachia Ndugu Mwenyekiti.

Uhuru na Umoja!